Mlango wa Kutokea

"Miaka mitano ikipita," akauliza mwenye mtaji,
ghorofa ya tisa, Masaki,
"mlango wa kutokea uko wapi?"

Nikageuka kuutazama mlango.
Ndio kwanza nimeingia;
kitambulisho changu bado kiko getini kwa mlinzi.

Nikamweleza chumba chetu cha baridi, sokoni Mabibo:
bati, sufi, na kompresa aliyoifufua Haikaeli
kwa siku kumi na moja kule Gerezani.
Tenga la nyanya, mia tano kwa usiku.
Mama Kisaka hamwagi tena mtaroni mali iliyolala.

"Itakua mara ngapi?"
Mara kumi, nikasema, kama slaidi ilivyoandikwa.
Haikaeli akakohoa.

Tukapewa maji ya chupa na "tutawasiliana."

Jumamosi Mama Kisaka akaja na fedha za kikoba,
laki nane, noti zinanuka kitunguu,
wanawake kumi na tisa nyuma yake.
Habari za kutokea hakuuliza.
"Chumba cha pili mnakijenga upande gani?
Maana matenga yangu yanataka nafasi kabla ya masika."

Akazihesabu upya mbele yetu, akilamba kidole,
kisha akasimama pale pale mlangoni
akingoja risiti.