Kufua kwa Mate

Dundee, Februari. Jua limetoka saa mbili kasorobo
na tayari lina sura ya mtu anayetazama saa.
Nimeinama. Chini ya hadubini
kuna uwanja wa nyasi, na juu ya nyasi mashuka ya kitani
yaliyoanikwa na wanawake sita
mwaka ambao hakuna aliyekumbuka kuuandika.
Mashuka ni manjano. Manjano ya jino la mvuta kiko,
ya chai iliyosahauliwa kikombeni.
Mbingu nayo imeingia kutu.

Vanishi huja ikiwa kioo. Kisha huzeeka,
hula moshi wa makaa, pumzi za wageni, mvuke wa supu.
Picha hii ilining'inia juu ya meko ya tajiri wa juti
vizazi vinne, na watoto wa nyumba ile
wakakua wakiamini kwamba zamani
dunia yote ilikuwa jioni.

Kwanza, masizi ya juu.
Kwa hayo, hakuna dawa ya dukani inayoyashinda mate.
Ndiyo, mate. Yangu haya haya.
Nazungushia pamba kwenye kijiti, natia mdomoni,
naviringisha juu ya shuka (usisugue, viringisha),
natupa koponi. Kingine.
Bandu bandu.
Halafu ndiyo viyeyusho, tone kwa tone, pembeni:
cha kwanza kilibembeleza tu,
cha pili kilikuwa na pupa,
cha tatu kilibisha hodi, kikangoja kuitikiwa.

Mama, Bi Mwanakombo, alipofika mji huu
walimpa aproni na mashuka ya hospitali,
mia nne kwa zamu: damu, iodini,
na mengine asiyoyataja mezani.
Miaka ishirini na mitatu.
Mikono yake ilinuka klorini hata Idi,
hata akinipakulia tambi.
Aliponiuliza nasomea nini, nikasema: kusafisha.
Akanyamaza. Mwisho akasema:
"Nimekuleta Ulaya uje usafishe?"

Alhamisi nikamleta aone.
Wakati huo nilikuwa nimefungua dirisha la weupe
lenye ukubwa wa kibiriti, kisha la pili, kisha shuka zima.
Na weupe, kumbe, si mmoja.
Mna samawati humo, mna kijivu cha wingu linalopita,
na kwenye mkunjo mmoja, waridi,
kama kwamba kitambaa kimeona haya.
Mama akavaa miwani, akasogea
mpaka Bwana Lorimer, mkuu wangu, akakohoa.

"Huyu wa kushoto," akasema, "hajui kukamua.
Tazama pindo. Maji yanachuruzika."

Wiki tatu nimekaa na mwanamke yule uso kwa uso.
Sikuwa nimeyaona.
Matone manne, kila moja na nuru yake, madogo kuliko ulezi,
na chini ya la mwisho, nyasi iliyolowa kidogo.

"Na hili doa?"
Kidole chake hewani, hakigusi, kinajua.
Shuka la tatu, kahawia, mfano wa jani.
Mwenye picha, Bibi Isobel Geddes, ameleta barua:
doa litoke, picha irudi kabla ya harusi ya mjukuu.
Nikamweleza mama: nimelipima kwa taa, kwa lenzi,
halimo katika vanishi. Limo katika rangi.
Mchoraji alilitia mwenyewe, pigo moja la brashi, rangi ikiwa mbichi.
Nikilifuata, nitakuwa nafua mkono wake.

Akalitazama muda mrefu.
Mwanga wa dirishani ulikuwa ushaanza kufungasha.
"Liache," akasema. "Shuka lisilo na doa
halijalaliwa."

Nilimsindikiza hadi kituo cha basi, mvua ya manyunyu,
akilalamika kuhusu viatu.
Niliporudi nikaketi, nikatia pamba mdomoni.
Kinywa kikavu. Nikangoja.

Kesho shuka la nne.
Chini kabisa, mahali fremu itakapofunika,
nimebakiza mraba wa manjano, kama ukucha wa kidole gumba,
asije mtu akasema weupe huu tumeubuni.
Nimemjibu Bibi Geddes: doa linabaki,
kwa sababu za kitaalamu.
Mtaalamu sikumtaja.