Kivuli cha Jumatano

Lari mia mbili na arobaini ndizo alizo nazo Nestani,
zimekunjwa ndani ya bahasha ya bili ya gesi,
na Kutaisi leo inanyesha mvua ya ubavuni,
ile isiyoheshimu mwavuli.

Macho yanamuuma. Tangu Septemba
anahesabu vizibo vya chupa za mvinyo
kwenye kilaptopu chenye kioo cha kiganja:
safu ya kwanza hadi ya kumi, kisha asogeze,
kisha asahau ya kwanza ilisemaje.
Nane imekuwa tatu. Tatu imekuwa deni.

Na mwanawe Saba (ni jina, si idadi;
umri wake ni tisa) ana ombi moja tu:
gari lake la mashindano lisikatike vipande
kila linapokata kona.

"Hii ni inchi ishirini na saba," asema Zviadi mwenye duka,
"hezi mia na arobaini na nne, na imepinda, tazama, kama upinde."
Bei anaitaja akiangalia dirishani.
"Nyoofu itanitosha," asema Nestani.
"Kupinda nimeshakuona kwingine, tena bure."

Wakateremka.
Moja mpya, ila shingo yake haipandi:
lazima uitegemeze kwa kamusi mbili.
Nyingine, ukiinama kidogo tu, rangi zinakimbia,
nyeusi inageuka kijivu, kijivu kinageuka uongo.

Mwisho, nyuma ya maboksi, inchi ishirini na nne,
hezi sabini na tano, shingo inapanda na kushuka.
Ilitoka kliniki ya meno iliyofungwa.
Mia na sitini.

Mbona hivyo?

Zviadi anawasha ukurasa mweupe, ananyamaza.
Pale kona ya kulia, hafifu kama pumzi kwenye dirisha,
jedwali la miadi limegoma kuhama:
Jumatano. Saa nne. Saa tano.
Na jina. Labda Manana, labda Marine.

Rahisi ni ghali, mama yake angesema.
Lakini mama yake alinunua mengi kwa bei ghali,
na friji ile ilikufa kabla ya mkopo wake.

Wakapatana mia na hamsini, kebo juu.

Ijumaa usiku safu zote zimejipanga mbele yake,
hakuna iliyojificha, na nane ni nane.
Kisha zamu ya Saba. Barabara inamiminika,
theluji, daraja, theluji tena.

"Mama, kuna mistari mbinguni."
"Hiyo ni Jumatano."
"Leo Ijumaa."
"Najua. Endesha."

Anamuwaza Manana, au Marine,
kinywa wazi chini ya taa, vidole vimekaba kiti.
Liling'olewa, au liliponywa?
Gari linakata kona, halikatiki,
linapita saa nne, linapita saa tano,
kilomita mia mbili kwa saa,
wala halisimami kuuliza.