Jiwe la Kilo Mbili

Barua inasema: miezi sita, mafunzo ya umeneja,
posho ya nauli na chai,
fulana ya kijani, jina langu kifuani.
Wanataka jibu kabla ya Ijumaa.

Nimeibana chini ya jiwe la kilo mbili
kibandani kwa mama, Mwanjelwa,
upepo wa Loleza usiichukue.

Mama hajawahi kushika kompyuta.
Kiazi cha Uporoto kilichonyeshewa shambani
anakijua kwa kukigonga na ukucha.
Mteja wa kweli, anasema, huuliza bei mara mbili.
"Na huko duka kubwa, nyongeza wanaiweka wapi?"

Sina jibu. Juzi, kwenye usaili, Bwana Sanga
alinipitisha katikati ya rafu:
maziwa ya zamani mbele, mapya nyuma.
Nikacheka kimoyomoyo.
Ndivyo mama anavyopanga nyanya tangu sijazaliwa,
na hakuna aliyewahi kumwita meneja.

Labda nitakwenda.
Labda nitalipwa nauli
nikajifunze majina ya mambo niliyoyakuta nyumbani.

Ukungu umeshuka mpaka kwenye maturubai.
Mtu anataka sado moja.
Napima, naongeza viwili juu,
cha tatu nakirudisha.