Saa Tisa ya Usiku, Barabara ya Kuhmo

Ensio wa kituoni ananiita kwenye simu ya upepo,
anauliza kama njia ya Kuhmo imefunguka.
Namwambia: subiri kidogo, wako karibu kumkamata muuaji.

Ndiyo kazi yangu, mwaka wa kumi na sita huu:
kuisukuma theluji pembeni kwa greda
huku nyingine ikianguka nyuma yangu,
na katikati ya theluji hizo mbili, kusikiliza vitabu.
Macho ni mali ya barabara.
Masikio hayana mwajiri.

Basi nina maneno machache.

Ile riwaya ya mjane ilianza vizuri,
mlango unalia, maziwa yanachemka hadi yanamwagika,
ila msomaji anataka kuwa kila mtu:
mtoto kamfanya paka,
polisi kamfanya pipa tupu,
na mjane mwenyewe, maskini, analia kama anayekohoa.
Nilikuwa tayari kumhurumia. Sikuachiwa nafasi.

Tena sauti hiyohiyo, iliyomnyonga mjane sura ya tatu,
nikaikuta mwezi uliofuata ikinifundisha kuoka mkate.
"Kanda taratibu," inasema, "usiogope kukaza vidole."
Mkate ule sijauoka hadi leo.

Jenerali mstaafu kajisomea maisha yake mwenyewe.
Ushindi anausoma kifua mbele,
waliokufa anawapita mbiombio
kama mtu anayevuka daraja bovu.
Nilirudisha nyuma mara tatu nipate kuwahesabu.
Hawahesabiki, kwa kasi ile.

Yuko na yule wa kufanikiwa maishani,
anayenihimiza niamke saa kumi na moja alfajiri.
Ndugu yangu, mimi sijalala.
Sikio la kufa halisikii dawa;
la kwangu lilikufa dakika ya nane.

Mashairi nimeyapiga marufuku kazini.
Karibu na Hyrynsalmi mstari mmoja ulinishika,
nikageuka kutazama ndani,
na huko ndani hakuna breki.
Kulungu alisimama mbele ya taa, ananishangaa.
Sote wawili tulipona. Mstari nimeusahau.

Sasa nisikilizeni: kitabu bora ni historia ya misumari.
Cheka tu. Saa kumi na tisa za misumari!
Kasoma mzee mmoja, Urho fulani,
hana mbwembwe, hana haraka, anatembea na sentensi
kama anayempeleka ng'ombe mtoni.
Saa ya saba akapiga chafya, akasema "samahani,"
nao wakaiacha humohumo.
Nikamjibu "afya!" peke yangu kwenye kibanda cha greda.
Tangu siku hiyo nikipita nyumba iliyozima taa
naona vitu vilivyokubali kushikana.

Kimoja sikukimaliza.
Cha mwanamke anayemuuguza mama yake.
Si kibaya, naapa; pengine ndicho kizuri kuliko vyote,
msomaji hata pumzi yake anaijua inapokwenda.
Nilikizima sura ya tano.
Mama yangu yuko wodini Kajaani,
macho yamemwisha, moyo unamsuasua,
nami sikutaka kufika kule kabla yake.

Jumapili nilimpelekea riwaya ya karatasi,
nikaketi, nikamsomea mwenyewe.
Ukurasa wa pili akatokea polisi,
na mimi, niliyesema yote haya,
nikajisikia ninamfanya pipa tupu.

Mama akanyamaza. Akapapasa blanketi,
akaupata mkono wangu, akaugonga mara moja
kama mtu anayepigilia kitu.
"Umejitahidi," akasema.
"Sasa niwashie yule mzee wa misumari."