Fomu ya Jaji wa Pili

Wameniletea bahasha moja na flashi,
tamthilia sita, sehemu arobaini,
na fomu yenye visanduku: sauti, mwili, hisia,
kila kimoja alama kumi, tafadhali usizidishe.
Nimefunga duka la vitambaa mapema,
nimevuta kochi karibu na runinga
hapa Mabatini, ambako jiwe la mlimani
limetokeza ukutani mwa sebule yangu
kama mgeni asiyeaga.

Naanza na Nyanzobe Magesa, anayepewa nafasi kubwa.
Analia. Jamani, binti huyu analia!
Chozi linaanguka kwa adabu, shavu la kushoto tu,
upande wa kamera.
Wanja haujaguswa. Kope za bandia zimetulia
kama majongoo wawili waliokufa wakipendeza.
Amefiwa na mume sehemu ya tatu,
amefiwa na mtoto sehemu ya tano,
nywele ni zile zile, zimetoka saluni asubuhi ile.
Hisia: sita.
Nafuta. Tano.
Tangu lini msiba ukachagua shavu?

Masalu Bugumba ni tajiri kila anapotokea.
Hushuka ngazi polepole, mkono mfukoni,
anaongea na simu isiyo na mtu upande wa pili
wala hampi huyo mtu nafasi ya kujibu.
"Unasema? Haiwezekani! Wamechukua zote?"
Namwandikia: jifunze kusikiliza.
Nne.
Viatu vyake ningevipa saba.

Kuna mzee sikumkuta kwenye orodha.
Amecheza maiti katika tamthilia tatu.
Lusato. Jina lake linapita mwishoni, mbio mbio,
chini ya aliyepika chai.
Nimerudisha nyuma mara nne, nimekaza macho
kwenye shuka juu ya kifua chake:
halipandi.
Inzi anatua puani, anatembea,
anavuka mdomo bila haraka, kama kivuko cha Kamanga,
na mzee wa watu hatikisiki.
Pembeni Nyanzobe anapiga mayowe ya alama tano.
Fomu haina kisanduku cha aliyenyamaza.

Saa tatu na nusu luku ikaisha.
Giza. Harufu ya dagaa wa jirani kwenye mafuta.
Kisha viatu vikipanda ngazi za mawe,
na wadai mimi nawajua kwa viatu.
Akatoka Nyamizi, tunayepakana ukuta.
"Baba Ng'washi? Alivuka kwenda Ukerewe tangu juzi.
Simu? Hata mimi namtafuta, kaka yangu. Karibu maji."
Hakupaza sauti. Alikohoa mahali pa kukohoa.
Akauliza hali ya mama wa yule bwana,
akalitaja goti, akataja na kwamba ni la kulia,
halafu akanyamaza,
kimya kirefu cha mtu asiyejua mtoto atakunywa nini kesho,
mpaka mdai mwenyewe akatoa elfu mbili,
akasema chukua, tutaonana.
Viatu vikashuka.
Nikasikia chaga za kitanda zikilia,
na Baba Ng'washi akipiga chafya uvunguni.

Nikabaki gizani na kalamu yangu ya jaji.

Jumamosi, ukumbini kule Capripoint,
ziwa jeusi nyuma ya vioo,
wakafungua bahasha: Nyanzobe.
Wenzangu wawili walikuwa wamempa tisa tisa.
Nikapiga makofi, nikatabasamu
jinsi majaji tulivyoelekezwa kutabasamu.
Akapanda jukwaani, akaishika tuzo kichwa chini,
akafungua karatasi ya shukrani, akashindwa kuisoma.
Akataka kumtaja mama yake, jina likamkimbia.
Akalia.
Kwa macho yote mawili. Wanja hadi kidevuni,
kope moja ikaning'inia, kamasi ikamtoka
naye akaifuta kwa kiganja, mbele za watu,
mgongo akiwa ameipa kamera.

Nikapapasa kalamu kwenye mkoba.
Fomu zilishakusanywa.