Wastani wa Jumapili

Kilomita ya kwanza huwa na uongo ndani yake.
Saa haijazipata setilaiti zake zote,
inanipa dakika nne na sekunde kumi,
mimi, Halvard, wa miaka hamsini na mbili,
dereva wa tramu, goti la kushoto bovu.
Nacheka peke yangu kwenye baridi ya Trondheim,
mvuke wa kicheko ukinitangulia.

Kufika darajani, hesabu imetulia:
tano na hamsini na mbili.
Huo ndio wastani wangu, nimeuzoea
kama mguu unavyozoea kiatu.
Mlima ukiniibia sekunde ishirini
mteremko hurudisha kumi na mbili,
deni linalobaki nalilipa kidogo kidogo,
na wastani ni msiri: hausemi
ni kilomita ipi iliyoniumiza.

Wiki nzima naishi kwa ratiba.
Abiria akikimbia huku anapunga mkono
namwona kwenye kioo, na siku nyingine,
Mungu anisamehe, nafunga mlango.
Jumapili ni yangu.
Na bado nimejifunga ratiba kiganjani.

Kilomita ya tano ni dirisha la baba.
La chini, la pili kutoka mlangoni,
lenye ua la plastiki analolimwagilia
mpaka waya wake umeota kutu.

Zamani alisimama kwenye theluji ya magoti
penye kona ya mwisho ya njia ya skii,
saa ya kupimia ikining'inia shingoni kwa uzi wa sufu,
akitupigia kelele sisi watoto wa klabu:
"Nane nyuma! Nane nyuma ya Eystein!"
Hakusema kaza moyo. Hakusema pole.
Alisema nane,
na mtu akajua la kufanya.

Sasa hajui mimi ni mtoto wa nani.
Ila akiniona na nguo za mbio
anainua mkono, kidole gumba
kinabonyeza hewa.
Ananipima.

Nasimama.
Saa nayo inasimama; niliipanga hivyo mwenyewe,
isihesabu taa nyekundu wala kamba za viatu.
Inatoa mlio mdogo na kunyamaza
kama mgeni anayetoka nje kwa adabu
wenye nyumba wanapoanza mazungumzo yao.

Napulizia kioo, naandika kwenye ukungu: 5:52.
Naiandika kinyume ili aisome.
Anaisoma, midomo ikitembea,
anatikisa kichwa,
anapulizia upande wake, na kwa kidole kinachotetemeka
anachora nane.

Nane haina kinyume.
Inasomeka vilevile pande zote mbili za kioo.
Nyuma ya nani, baba?
Eystein anauza vigae Bodø, ana kitambi,
hajavaa skii tangu harusi yake.
Lakini mzee amekwisha sema,
na miguu yangu, mijinga, inataka kuondoka kwa kasi.

Nabaki. Hadi Ingunn, muuguzi, anakuja
kumfunga kitambaa cha chakula.

Nyumbani, ngazini, naisoma saa.
Kilomita nane. Arobaini na sita na hamsini na sita.
Wastani: tano na hamsini na mbili.
Safi, haina doa.
Dakika kumi na moja za dirishani hazimo.
Kwenye ramani mstari mwekundu umempita baba
bila hata kupinda.

Nikaketi hapohapo na jasho langu likipoa,
nikatafuta kitufe kile, kurasa tatu ndani,
nikakizima.

Jumapili iliyofuata njia ileile,
miguu ileile, dirisha, ukungu, nane.
Wastani: saba na kumi na nne.

Bjarte wa kazini aliuona Jumatatu
tukingoja zamu, akaniinamia:
"Goti limezidi?"
"Goti halina neno."
"Saba na kumi na nne, Halvard! Kulikoni?"

Taa ya njia ikawaka kijani.
Nikavaa glavu.
"Njiani kuna kituo," nikamwambia.