Koti

Niliapa kwa mkono wa kulia,
mkono wenye udongo wa viazi chini ya kucha,
kwamba nilimwona.

Ilikuwa Julai, Isongole, saa kumi na moja alfajiri,
baridi ile inayogandisha maji ndooni
na kuyaacha majani ya viazi meusi, kama yamebabuliwa kwa moto.
Nilitoka kwenda kukamua.
Mlango wa duka la Mwankenja ulikuwa wazi,
mtu akachomoka, akavuka lami,
akamezwa na mianzi.
Ndiyo hayo tu.
Pumzi moja, labda mbili.
Wanasema macho hayana pazia.
Siku ile yangu yalikuwa nalo, zito, jeupe,
limeshuka kutoka Uporoto bila kuitwa na mtu.

Mpelelezi alikuwa kijana mpole. Aliniagizia chai.
Akauliza: "Hilo koti lake jekundu, lilikuwa na kofia?"
Sikuwa nimetaja koti.
Sikuwa nimetaja wekundu.
Lakini chai ilikuwa na tangawizi,
na mke wa Mwankenja alikuwa analia nje ya dirisha,
fedha za ushirika wa pareto zimekwenda zote,
nami nilitaka kusaidia.
Nikafikiri kidogo.
Nikajibu: halikuwa na kofia.

Usiku ule koti likaja lenyewe.
Nililiona likikimbia, jekundu kama pilipili iliyoiva,
nikaona hadi zipu yake, imekwama katikati ya kifua.
Kesho yake nikaona bega la kushoto limeinama.
Sikudanganya. Nisikilizeni: sikudanganya.
Nilikuwa nakandika,
kama tunavyokandika ukuta kila masika yakipita,
udongo juu ya udongo,
mpaka hakuna ajuaye
upi ulikuwa wa kwanza kushika fito.

Wakasimamishwa wanane ukutani.
Saba walikuwa wageni machoni pangu.
Wa nane, Ambilikile, sura yake niliijua,
na sikujiuliza niliijulia wapi:
kwamba kila Jumanne, Uyole,
ndiye aliyekuwa akipakia magunia yangu kwenye lori.
Nikanyoosha kidole.

"Una hakika?" aliuliza hakimu, mjini Mbeya.
"Kama ninavyokuona wewe, mheshimiwa."
Miaka saba, gereza la Ruanda.

Mwaka wa sita, dada yangu Tusekile alikuja kutoka Tunduma.
Tukiwa jikoni, mahindi majivuni,
nikamsimulia tena, nami kwa kusimulia nilikuwa hodari.
Akacheka, mdomo umejaa.
"Koti jekundu, zipu mbovu?
Si lile la baba, tulilovaa kwa zamu kwenda shule?"

Mahindi yakaungua.
Tukayala hivyo hivyo.

Alhamisi iliyopita alikuja kutaka mbegu.
Nywele zimeingia mvi, bega
(nilitazama, Mungu anisamehe) limenyooka yote mawili.
Maneno nilikuwa nimeyaandaa mwaka mzima,
yakatoka kama kuku wakifunguliwa banda:
Ambilikile, siku ile sikuona koti.
Sikukuona wewe. Niliona ukungu unakimbia.

Yeye alikuwa ameshika kiazi,
anakigeuza, anahesabu macho yake.
"Mama Lugano," akasema,
"wameniuliza mara nyingi mno.
Siku hizi nikilala najiona natoka pale dukani.
Nahisi ubaridi wa kitasa.
Zipu inanikwama hapa."
Akagusa kifua.
"Kwa hiyo usiniambie hukuniona.
Nani mwingine atanisaidia kujua?
Nipimie debe moja."

Nikampimia.
Juu yake nikaongeza viazi vitatu,
au vinne.
Muulizeni yeye.
Alikuwapo.